Karoli Lwanga, Mkubwa wa Wavulana wa Kasri

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mkaazi wa hapa hapa Free Area. Mwaka huu mlezi wa Chama cha Kiswahili alitupa kazi ya kusimulia maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Wenzangu wengi walikimbilia akina Mekatilili, Dedan Kimathi na Tom Mboya, na sina ubaya nao, hao ni majabali. Mimi nimemchagua Karoli Lwanga wa Uganda, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina tu kwa sababu kuna makanisa na shule chungu nzima zinazoitwa kwa jina lake. Sababu ya kumchagua nitaieleza, ingawa inanitia haya kidogo.

Karibu na kwetu kuna baraza la duka ambapo vijana wa mtaa hukaa jioni. Sisi wa shule ya kutwa tunalijua sana baraza hilo maana ndiyo njia yetu ya kurudi nyumbani. Pale kuna stori, kuna vichekesho, kuna mpira wa Uingereza kuchambuliwa hadi basi. Tena kuna sigara, na siku nyingine kitu kikali kuliko sigara. Mimi hukaa pale kwa ajili ya stori. Basi siku moja mwezi wa Januari mmoja wao aliniuliza mbele ya kila mtu kama ni kweli kwamba kila Jumamosi naenda kanisani kwa mafundisho ya kipaimara. Vijana kama saba walinikodolea macho. Nikajibu kuwa naenda tu kumchukua dada yangu mdogo kwa vile mama amenituma. Wakacheka, nami nikacheka. Dada yangu mdogo, kwa taarifa yenu, ana miaka minne na haendi mafundisho yoyote.

Jumamosi iliyofuata katekista akatufundisha habari za mashahidi wa Uganda. Nilisikiliza kwa masikio mawili.

Lwanga alizaliwa yapata mwaka wa 1860 katika jimbo la Buddu, kusini mwa Buganda, pande za Masaka ya leo. Akiwa kijana alihudumu kwa chifu mmoja aliyeitwa Mawulugungu katika jimbo la Ssingo. Enzi hizo kumpeleka kijana kwa chifu ilikuwa kama kumpeleka shule ya bweni, kwani huko ndiko alikojifunza adabu, kazi na siasa za nchi. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefika Buganda mwaka wa 1877, na mapadri wa Kikatoliki, wale waitwao Mapadri Weupe, wakafika 1879. Lwanga alisikia habari za dini mpya akiwa huko huko kwa chifu. Mawulugungu alipofariki mwaka wa 1882, Lwanga alisogea mji mkuu akajiunga na waliokuwa wakijifunza. Watu hao waliitwa basomi, yaani wasomaji, kwa kuwa kujifunza dini na kujifunza kusoma kulikwenda pamoja. Ukiitwa msomaji hapo ulikuwa umeshajulikana wewe ni wa upande gani.

Kuna jambo moja hapa lililonishangaza. Mwezi wa Novemba 1882 mapadri waliondoka Buganda wakaenda kusini ya ziwa Victoria, na hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu! Sisi mwalimu akikosa somo mara mbili tu darasa linageuka soko. Lakini wale wasomaji waliendelea kufundishana wao kwa wao, mkubwa akimfundisha mdogo, na waliporudi mapadri walikuta kundi limekua badala ya kupungua. Lwanga alikuwa mmojawapo, na wakati huo wote alikuwa bado hajabatizwa.

Mwezi wa Oktoba 1884 Kabaka Mutesa alifariki, na mwanawe Mwanga akatawazwa. Lwanga akaingia katika utumishi wa kasri mwaka huo huo. Kazi yake ilikuwa miongoni mwa wavulana waliohudumu katika ukumbi wa Kabaka. Msifikirie walikuwa vijakazi wa kufagia tu. Walikuwa watoto wa machifu na watu wakubwa, ndio machifu wa kesho. Aliyempendeza Kabaka alitarajia cheo na ardhi, naye aliyemuudhi aliweza kupoteza shingo. Lwanga alipendwa upesi. Alikuwa mwanamieleka hodari, na hilo peke yake lilitosha kumpatia heshima mbele ya vijana. Pia alisimamia wavulana katika kuchimba lile ziwa la Kabaka ambalo lipo Kampala hadi leo. Basi asije mtu akafikiri mcha Mungu huyu alikuwa mnyonge wa kujibanza pembeni akisubiri kuonewa huruma.

Sasa nizungumze juu ya Mwanga, maana bila yeye hadithi haieleweki. Alizaliwa mwaka wa 1868, kwa hivyo alipokalia kiti cha enzi alikuwa na miaka kumi na sita. Umri wangu mimi! Hebu wazia mtu wa rika letu amepewa nchi nzima, majeshi, wanyongaji, na wazee wanaomnong'oneza kila mmoja lake. Kulikuwa na habari kwamba Wajerumani wanatwaa ardhi huku pwani, na kulikuwa na imani kwamba watakaoila Buganda wataingia kwa upande wa mashariki. Tena aliona vijana wake mwenyewe, wanaolala nyumbani mwake na kula chakula chake, wanamtii Mfalme mwingine asiyeonekana. Simtetei. Nasema tu kwamba hakuwa zimwi la kwenye ngano, alikuwa kijana mwenye hofu na madaraka mengi mno.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo mwalimu amenishauri niliseme waziwazi lakini kwa adabu. Mwanga aliwataka baadhi ya wavulana wa kasri kimwili. Wale wasomaji walikataa kwa sababu ya imani yao. Lwanga na mkubwa wake, Yosefu Mukasa Balikuddembe, walifanya kila hila ili wavulana wadogo wasiwe karibu Kabaka anapowahitaji kwa jambo hilo. Mtoto ataitwa, kumbe ameshatumwa mahali mbali. Mimi naliona hili kuwa kubwa kuliko mambo mengi aliyoyafanya Lwanga. Mtoto wa miaka kumi na minne ukimwambia akatae, akatae, akatae, halafu ukamwacha peke yake na mfalme, umemsaidia nini? Lwanga alisimama katikati yao na mfalme.

Sasa nitawarudisha nyumbani kidogo. Ukitoka Nakuru kuelekea kaskazini, ukapita Mogotio, utafika ziwa Bogoria lenye korongo na chemchemi za maji moto. Wakati wa ukoloni ramani ziliita ziwa hilo Hannington, kwa jina la James Hannington, askofu wa Kianglikana. Mwaka wa 1885 askofu huyo alipita katika nchi yetu hii akitokea pwani, akashika njia ya mashariki kuelekea Buganda, ndiyo ile njia iliyoogopwa. Mwanga akatoa amri, na tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington akauawa huko Busoga kabla hajafika. Balikuddembe, aliyekuwa mtumishi mkubwa wa kasri, akamwendea Kabaka akamlaumu kwa kumwaga damu ya mgeni. Tarehe 15 Novemba 1885 Balikuddembe naye akakatwa kichwa, mwili wake ukachomwa.

Usiku wa siku hiyo hiyo Lwanga alikwenda kwa mapadri pamoja na wenzake kadhaa, akaomba ubatizo, akabatizwa. Hebu soma tena sentensi hiyo. Mtu amesoma dini miaka kama mitano bila kubatizwa, halafu siku anapouawa kiongozi wake kwa ajili ya dini hiyo ndiyo siku anayochagua kuingia. Wengi wetu siku hiyo tungekumbuka kwamba tuna dharura nyumbani. (Mimi ningesema nimekwenda kumchukua dada yangu.) Baada ya hapo yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wavulana Wakristo wa ukumbini, badala ya Balikuddembe.

Miezi ikapita kwa wasiwasi. Mapema mwaka wa 1886 kasri la Mengo liliungua, na baadaye Kabaka akawa anakaa Munyonyo, kando ya ziwa Victoria. Tarehe 25 Mei alirudi kutoka mawindoni mikono mitupu na hasira tele. Akawatafuta wavulana wake, hawapo. Akagundua kwamba Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini kijana aitwaye Mwafu, ambaye alikuwa mtoto wa Katikkiro, yaani waziri mkuu. Akamchoma Ssebuggwawo kwa mkuki, na kijana huyo akauawa. Milango ya ua ikafungwa, asitoke mtu.

Usiku ule hakuna aliyelala. Lwanga aliwakusanya vijana wake wakasali pamoja. Miongoni mwao walikuwemo ambao hawajabatizwa bado: Kizito, aliyekuwa na miaka kama kumi na minne hivi, Mbaga Tuzinde, Mugagga na Gyavira. Padri hakuweza kuingia, na kesho haikujulikana. Kulipokaribia kucha Lwanga mwenyewe akawabatiza.

Asubuhi Kabaka akawaita wavulana wote barazani. Akaamuru kwamba wale wanaosali wasimame upande mmoja, karibu na ua wa matete, na wasiosali wabaki upande wake. Ni hayo tu. Hakuwauliza katekisimu, hakuwauliza Amri Kumi. Aliwataka wavuke uwanja mbele ya macho ya wenzao.

Mimi nimeutafakari sana uwanja huo. Hata umbali wake sidhani ulikuwa mkubwa, labda kama kutoka dirisha la darasa letu hadi ubaoni. Walikuwa wavulana waliokula sahani moja, waliopigana mieleka, waliojuana kwa majina ya utani. Kubaki ulipo hakukuhitaji neno. Hukuhitaji kumkana mtu wala kutukana dini, ulihitaji kutosogea tu. Yaani kama pale barazani kwetu, ambapo hakuna anayekulazimisha kitu, isipokuwa yale macho saba. Na nadhani kama Kabaka angemwita mmoja mmoja faraghani, wengine waliovuka wasingevuka, na pengine wengine waliobaki wangevuka.

Lwanga alitangulia. Wakamfuata, Kizito akiwa miongoni mwao. Wakatoka na vijana wa Kianglikana pia. Nimesikia watu wakishindana ni mashahidi wa dhehebu lipi walio halisi, na mimi huona ni upuuzi. Wakatoliki waliouawa katika miaka ile ni 22 na Waanglikana ni 23, na wa kwanza kabisa walikuwa vijana watatu wa Kianglikana waliouawa tarehe 31 Januari 1885. Moto haukuuliza kadi ya ubatizo.

Wakafungwa kamba, wakahukumiwa kuchomwa moto Namugongo, mahali pa wanyongaji pa tangu zamani. Wakatembezwa kwa miguu. Njiani wengine waliuawa kabla ya kufika. Walipopita gerezani wakakutana na Mukasa Kiriwawanvu, aliyekuwa amefungwa kwa kugombana na Gyavira. Naye alikuwa msomaji, hata hakuwa amebatizwa. Angeweza kunyamaza kimya akapona, maana kesi yake ilikuwa ya ugomvi tu. Akajitaja kuwa ni Mkristo, akaunganishwa na kundi, akakumbatiana na yule yule Gyavira aliyemtia gerezani. Kisa hiki nilikisimulia kwa mama akanyamaza kitambo, halafu akaniuliza kama nimeshasalimiana na binamu yangu tuliyekosana Krismasi. Hilo tuliache.

Huko Namugongo walikaa karibu wiki nzima katika minyororo wakisubiri kuni zikusanywe. Kwa maoni yangu wiki hiyo ilikuwa ngumu kuliko siku ya moto. Siku ya kwanza mtu ana joto la ujasiri mwilini, wenzako wanakutazama, unavuka. Lakini siku ya nne, una njaa, minyororo imekuchubua, na ndugu zako wanakuja kukulilia! Mbaga Tuzinde ndiye aliyepata mtihani mkubwa zaidi. Mkuu wa wanyongaji, Mukajanga, alikuwa jamaa yake, tena alimlea kama mwanawe. Jamaa wakamsihi akubali hata kufichwa tu, mambo yapite. Hawa hawakuwa maadui, walikuwa watu waliompenda. Akakataa. Mukajanga alipoona imeshindikana akaamuru apigwe shingoni kwanza, ili moto ukute amekwisha kufa. Hiyo ndiyo zawadi baba aliyoweza kumpa.

Inasimuliwa kwamba Kizito aliogopa, na kwamba Lwanga alimwahidi kumshika mkono wakati utakapofika. Mimi naamini kabisa kuwa aliogopa. Ningeshuku hadithi inayosema mtoto wa miaka kumi na minne hakuogopa.

Tarehe 3 Juni 1886, sikukuu ya Kupaa Bwana, wakachomwa. Lakini Lwanga hakuwa pamoja nao. Alitengwa na kundi, mnyongaji mmoja akamchukua kando akamchoma peke yake, taratibu, kuanzia miguuni. Nilipofika hapa katika kusoma kwangu niliudhika. Yule aliyewaongoza watoto usiku na mchana, aliyewatangulia uwanjani, dakika ya mwisho hakuruhusiwa kuwa karibu nao. Wao walikwenda bila yeye, naye akaenda bila wao. Na hata hivyo hakuna aliyegeuka. Alikuwa na miaka kama ishirini na sita.

Kama mnauliza habari hizi tumezipataje, wako watatu waliosamehewa pale pale Namugongo: Denis Kamyuka, Simeoni Sebuta na Charles Werabe. Walifika hadi penye kuni, wakaona wenzao wakifungwa, wakaambiwa wao wabaki. Ndio waliokuja kutoa ushuhuda. Bila wao tungejua kidogo sana.

Mengine nitayapitia haraka maana mlezi amenipimia kurasa. Mwaka wa 1920 Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa wenyeheri, na mwaka wa 1934 Papa Pio wa Kumi na Moja akamfanya Lwanga kuwa msimamizi wa vijana wa Afrika. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu, na alipomtangaza aliwataja kwa heshima na wale Waanglikana. Pale alipochomwa Lwanga sasa pana kanisa kubwa lenye umbo la nyumba ya msonge na nguzo 22. Kila tarehe 3 Juni mahujaji hufurika huko, wengine wakitembea kwa miguu kutoka hapa Kenya.

Na Mwanga je? Waingereza walimwondoa madarakani, wakampeleka uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Huko akabatizwa akaitwa Danieri, akafa mwaka wa 1903. Sijui niseme nini juu ya hilo. Nilipomweleza katekista wetu kwamba inaniumiza kidogo, akacheka akasema hata yeye.

Katekista anataka kila mmoja wetu alete jina la kipaimara kabla ya Pentekoste. Nimeandika Karoli, nikafuta, nikaandika tena. Jina lenyewe naliona ni kubwa kwangu kama koti la baba. Lakini karatasi nimekwisha kuipeleka.

Juzi nikirudi shuleni nilipita pale barazani, na yule kijana aliyeniuliza lile swali la Januari akaona karatasi hizi mkononi mwangu. Akataka kujua naandika nini. Nikamwambia ni maisha ya mtakatifu mmoja wa Uganda, kwa sababu nasomea kipaimara. Wengine wakaguna, mmoja akaniita baba paroko. Yeye akauliza kama huyo mtakatifu alikuwa mtu wa aina gani, nikamwambia alikuwa bingwa wa mieleka. Akaniomba nimletee jarida likitoka. Nimemwahidi nitamletea, kwa hivyo ataisoma na ile habari ya dada yangu.